Palahala na Mdudu wa Udongo

Kwa miaka mingi pale kwetu Nkowe ilijulikana kwamba mwanangu wa kwanza aliuawa na palahala. Halikuwa jambo la kunong'onezana. Lilisemwa kisimani na shambani, kama watu wanavyosema fulani alichukuliwa na mto au fulani aliumwa na nyoka. Hata mimi nililisema. Nilimwona mtoto alivyokufa, mgongo umepinda kwa nyuma, kichwa kimevutwa kuelekea visigino, na kila nilipofumba macho niliziona pembe za mnyama yule.

Palahala ni wa ukoo wa swala, ila mkubwa, mwenye shingo nene, na dume lake likikomaa huwa jeusi la kung'aa lenye tumbo jeupe. Pembe huondoka kichwani zikarudi nyuma kwa mkunjo mmoja mrefu mpaka karibu na mgongo. Nilipokuwa msichana walikuwa wakija kunywa maji kwenye bonde lililo chini ya mashamba yetu. Tukiwakuta tulitua mitungi tukangoja. Dume lilisimama kando likitutazama, majike na ndama wakanywa, kisha wote wakaingia porini bila hata kijiti kulia. Mama yangu alikuwa akisema hao nao wana wenyewe, tusiwapigie kelele.

Mama alikuwa mkunga. Watoto wengi wa upande wetu walipokewa na mikono yake, na alipopita njiani wanawake waliacha kupalilia wakamsalimu.

Kwetu Wamwera mwanamume ndiye huja kukaa kwa wakwe. Mume wangu alitoka upande wa Ruponda, akajenga nyuma ya nyumba ya mama na kumlimia shamba kama ipasavyo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akikutana na mama njiani alikuwa anaiacha njia na kusimama majanini mpaka mama apite, kwa heshima ya mkwe, na mama aliwaambia wenzake kwamba Mungu amempa mtoto wa kiume bila kumzaa.

Mradi wa Waingereza wa kulima karanga ulipoanza Nachingwea, vijana wengi walikwenda kutafuta kazi, na yeye akaenda. Akafundishwa kuendesha katapila. Alirudi nyumbani kila alipopata ruhusa, kwa baiskeli, mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Alitueleza jinsi wanavyong'oa pori: katapila mbili zinakwenda sambamba, katikati yao wamefunga mnyororo mnene, na kila kilicho kati ya mashine hizo kinalala chini. Miyombo iliyokuwapo tangu babu zetu ililala chini. Mama alimuuliza, kwa kupitia kwangu, maana hawakuzungumza uso kwa uso, "Na wanyama wanakwenda wapi?" Mume wangu akajibu kwamba hajui, wanakimbilia pale ambapo mashine bado haijafika.

Mimba yangu ilipokuwa nzito alirudi siku moja na nyama nyingi nyuma ya baiskeli, imefungwa kwa majani. Mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, alikuwa ameketi barazani. Akamuuliza nyama ya nini.

"Ni palahala, mjomba. Kundi lilitoka mbele yetu, mmoja hakuwahi. Mnyororo ulimvunja miguu ya nyuma. Nikashuka nikamchinja asiteseke."

"Dume au jike?"

"Jike." Akasita kidogo, kisha akasema, kwa sababu hakujua kuficha, "Alikuwa anavuja maziwa."

"Na ndama?"

"Sikumwona. Pengine alikuwa ndani ya majani tuliyoyalaza."

Mjomba alikitazama kile kifurushi kwa muda. "Umechinja mzazi," akasema, "na wewe mwenyewe una mzazi ndani ya nyumba." Nyama tuliila, maana mwaka ule mtama haukufanya vizuri na nyumba yetu ilikuwa na watu wengi. Nami nilikula. Mume wangu peke yake hakuigusa.

Nilijifungua mtoto wa kiume. Mama alinipokea, akakata kitovu kwa wembe, akakifunga uzi, akakipaka dawa aliyofundishwa na mama yake. Ilikuwa ni udongo wa nyumba ya nyigu, ule wanaoujenga ukutani, uliosagwa na kuchanganywa na masizi na mafuta ya nyonyo. Udongo huo aliubandua kwenye ukuta wa banda la mbuzi. Nililala ndani nikamsikia akiukwangua huku akiimba taratibu, mwenye furaha, kwa kuwa huyo alikuwa mjukuu wake wa kwanza.

Mtoto alinyonya vizuri siku za mwanzo. Tulikuwa tunajiandaa kumpa jina alipoanza kukataa ziwa. Nilidhani ameshiba. Kisha nikaona kwamba hakatai, ila mdomo haufunguki. Alikuwa anataka. Macho yake yalikuwa yanataka. Nilikamua maziwa kwenye midomo yake yakateremka shavuni.

Halafu mwili ukaanza kukakamaa. Kila sauti ilimshtua. Mbuzi akilia, mtoto alipinda mgongo na vidole vikafumba. Mtu akiweka sufuria chini, vilevile. Nyumba ya jirani walikuwa wanatwanga, na kila mchi ulipotua kinuni mwanangu alivutika kama kamba. Mama akatuma watu waende nyumba zote za karibu wawaombe wanawake waache kutwanga. Wakaacha wote. Sijapata kusikia ukimya kama ule mchana kweupe, na sipendi kuusikia tena. Watu walikula muhogo wa kuchemsha ili tu vinu vinyamaze. Mtoto alikufa katika ukimya huo, jua likiwa utosini, mkono wangu ukiwa chini ya shingo yake ambayo haikuwa inalala.

Tulipomaliza kuzika na kusoma dua, mjomba aliita watu wa ukoo. Hakupaza sauti. Alimweleza mume wangu mbele ya wote kwamba mtoto alikufa kifo cha mnyama, kila mtu aliona alivyopinda. Mume wangu aliinamisha kichwa. Alipotakiwa aseme neno alisema, "Mimi ndiye niliyemchinja." Nilitazama upande wa mama. Alikuwa analia, lakini hakumtetea, na siku ile sikumlaumu, kwa kuwa hata mimi sikumtetea.

Mjomba alitaka mume wangu aondoke arudi kwao. Aliondoka, nami nikamfuata Nachingwea. Tulipata chumba kwenye nyumba za wafanyakazi, zile ndefu zilizopangwa mstari mmoja. Ardhi ya huko ilikuwa imebaki uchi. Kiangazi upepo uliinua vumbi jekundu likaingia kwenye ugali, na masika maji yaliteremka yakichukua udongo kwa sababu hapakuwa na mizizi ya kuuzuia. Mume wangu aliendelea na katapila, lakini kila alipofika mahali penye majani marefu alishuka kwanza akaenda kutazama kwa miguu. Wenzake walimcheka. Msimamizi alimgombeza kwa kuchelewesha kazi. Hakuacha.

Niliposhika mimba ya pili nilikwenda hospitali ya pale. Nesi aliyenipokea alikuwa Mmakua wa upande wa Masasi, mama wa makamo, mwenye mikono mikavu iliyonukia sabuni. Aliniuliza kama nimewahi kuzaa. Nikamweleza. Nilipofika kwenye vinu vilivyonyamazishwa aliacha kazi aliyokuwa anafanya akaketi.

"Kitovu mlikipaka nini?"

Nikamwambia.

Akasema polepole, kama mtu anayevuka maji asiyoyajua kina chake, "Binti, mtoto wako alikufa kwa pepopunda. Usilisikilize hilo jina, hakuna pepo wala punda. Ni mdudu. Anakaa ndani ya udongo, hasa penye mavi ya wanyama. Hafanyi neno mpaka apate kidonda. Kitovu kibichi ni kidonda."

"Mdudu gani? Tulimwogesha kila siku, hatukuona mdudu."

"Haonekani kwa macho. Ukiusaga udongo wote wa Nachingwea mkononi mwako hutamwona."

"Jua halimuui? Moto?"

"Jua halimuui. Wakichoma shamba, walio chini wanabaki. Anajifunika ganda kama mbegu, anakaa hivyo miaka na miaka. Hali, hanywi, anangoja."

Nilimuuliza swali ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi. Nilimuuliza, "Kwa hiyo palahala hakufanya kitu?" Nesi hakunielewa. Ilinibidi nimweleze habari ya yule jike na maziwa yake. Akatikisa kichwa. "Mnyama yule alikufa kifo chake," akasema, "na mtoto wako alikufa kifo chake."

Jioni jua lilipokuwa linashuka nilimweleza mume wangu, tukiwa tumeketi mlangoni. Nilidhani atafurahi, au angalau atapumua. Alikwaruza tope lililokauka kwenye kiatu chake.

"Huo udongo aliupaka nani?" akauliza, ingawa alijua.

"Mama."

"Basi umenitua mzigo ukamtwika mama yako."

"Ndiyo kweli yenyewe."

"Mimi nina bega, nimeshauzoea. Mama yako amepokea watoto wa watu, unataka ahesabu wangapi? Mwache palahala aubebe. Mnyama hana ukoo wa kumtetea."

Nikakubali. Nilikuwa nimechoka, na maneno yake yalikuwa ya huruma. Binti yangu alizaliwa hospitalini, kitovu chake kikakatwa kwa mkasi uliochemshwa na hakikupakwa kitu chochote. Kikakauka chenyewe kikaanguka. Nilikitazama kila siku, nikishika taya la mtoto kuona kama linalegea, mpaka nesi akanikataza.

Binti yangu alipokuwa ameanza kukaa, binamu yangu mmoja alikuja kutoka Nkowe na ufuta wa kuuza. Aliniletea zawadi kutoka kwa mjomba: ncha ya pembe, imetobolewa na kutiwa uzi, mtoto avalishwe shingoni. Ilikuwa nyeusi, laini, yenye mistari ya mviringo. Niliitambua kabla hajasema.

"Mjomba ameamua asiachwe palahala hata mmoja," akasema binamu. "Kiangazi hiki tulichoma majani ya bonde, tukatega nyavu upande wa juu, tukaingia na mbwa. Dume lilisimama likapigana na mbwa, likaua wawili. Majike hawakufika mbali."

"Wote?"

"Wote, dada. Sasa mtaweza kurudi nyumbani mkae kwa amani."

Nilimpa maji. Alikunywa, akafuta mdomo, akaongeza habari nyingine za nyumbani, nani ameoa, nani amehama. Katikati ya hizo akataja jirani yetu mmoja, mwanamke niliyekua naye, kwamba mtoto wake mchanga alifariki majuzi. "Vilevile kama wa kwako. Kapinda hivyo hivyo. Mjomba anasema huenda amebaki mmoja, tunamtafuta."

Nadhani hapo ndipo nilipomwelewa yule mdudu. Palahala alikuwa na rangi, na pembe, na kilio, na mahali pa kunywa maji ambapo kila mtu alipajua. Ilitosha kiangazi kimoja, nyavu na mbwa kumaliza kundi lililokuwapo kabla hatujazaliwa. Yule mwingine hakuwa na uso. Walimpita wakati wanamtafuta muuaji. Walimkanyaga. Walirudi nyumbani naye kwenye nyayo zao, na wakati wanakula nyama ya mnyama asiye na hatia yeye alikuwa ukutani kwa mbuzi, anangoja kitovu kingine.

Mradi wenyewe ulikuwa unakufa wakati huo. Karanga hazikukubali kama walivyotarajia, mashine zikaanza kuegeshwa, watu wakaachishwa kazi makundi kwa makundi. Mume wangu naye akaachishwa. Tukafunga mizigo tukarudi Nkowe, kwa kuwa kwao Ruponda kulikuwa na njaa, na mjomba alikwishasema njia ni nyeupe.

Nilimngoja mama awe peke yake. Alikuwa uani anapeta mtama. Nilimlaza mtoto kwenye mkeka nikamweleza yote, ya nesi, ya udongo, ya banda la mbuzi. Sikumlaumu. Nilijitahidi sauti yangu isiwe na lawama hata kidogo, lakini maneno yenyewe yalikuwa na lawama, hakuna njia ya kuyasema yasiwe nayo.

Alisikiliza hadi mwisho, ungo ukiwa magotini.

"Unajua nilizaa wawili kabla yako," akasema.

"Najua, mama."

"Wa kwanza walisema ni uchawi wa dada yake baba yako. Mpaka amekufa sikumsalimu. Wa pili walisema degedege. Wote walikakamaa. Mama yangu ndiye aliyenipokea, kwa dawa hiyo hiyo." Akatazama mikono yake, juu na chini. "Sasa wewe kwa nini ulipona?"

"Nesi alisema hayumo katika kila udongo."

"Kwa hiyo tulikuwa tunabahatisha," akasema mama.

Akainuka akaenda kwenye mtungi, akachota maji, akanawa mikono. Alinawa kwa majivu, akasugua kucha kwa gunzi, akachota tena akanawa. Mtoto alikuwa ameamka analia, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimekaa mbali nilidhani ananawa ili amchukue. Alipomaliza alisimama karibu na mkeka, mikono ikidondosha maji, kisha akasema, "Mchukue wewe."

Hakumbeba mtoto yule mpaka alipoanza kutembea.

Mume wangu alijua nimesema, ingawa sikumwambia. Siku chache baadaye alikuwa anatoka shambani na mama anakwenda, wakakutana kwenye njia nyembamba. Kabla hajapata nafasi ya kukaa pembeni, mama aliiacha njia yeye, akasimama kwenye majani na kuinamisha kichwa. Mume wangu hakujua la kufanya. Aliniambia alibaki amesimama pale, yeye katikati ya njia na mama mkwe wake majanini, mpaka jembe likaanza kumwelemea begani. Mwishowe alipita. Hilo ndilo neno pekee lililopita kati yao juu ya jambo lile.

Mjomba hakukubali. Nilimweleza mbele ya mkewe, akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Unataka kuniambia tuliwaua bure?" Alikuwa mzee mwema, aliyeamini ameulinda ukoo wake, na sikuona jinsi mtu wa namna hiyo angeweza kukiri hilo. Habari ya palahala ikabaki kama ilivyokuwa. Mume wangu alizeeka pale, akapanda mikorosho, akaheshimiwa, na bado watoto wadogo waliambiana kwamba yule babu ndiye aliyechinja mnyama mwenye maziwa. Hakuwahi kuwasahihisha. Alifariki nikiwa kando yake. Wapo wanaosema palahala bado wapo mbali huko, kwenye mapori ya akiba, na ninaamini. Kwetu sijasikia aliyemwona tena.

Mama hakupokea mtoto mwingine. Mara ya kwanza walipokuja kumwita, asubuhi, alikuwa ndani, akaniambia, "Waambie naumwa." Waliokuja walikuwa dada wawili wa yule mwenye uchungu, na nyuso zao zilinionyesha hawana pa kwenda isipokuwa kwa mkunga wa pili wa kijiji, ambaye dawa yake niliijua kuwa ni udongo ule ule. Nikachemsha wembe na uzi kwenye chungu mpaka maji yakapungua nusu, nikaenda nao.

Sikuwa mkunga. Nilikuwa nimezaa mara mbili tu na kumtazama mama tangu utotoni. Mungu alisaidia, mtoto alitoka vizuri. Nilipofunga kitovu nikakiacha kikavu, wanawake waliokuwamo walitazamana. Mmoja alisema namwacha mtoto uchi. Bibi mmoja alinyoosha mkono na kibuyu cha dawa, nikamshika kiganja nikamwambia, "Bibi, nakuomba. Kwa hisani yako." Akanitazama, akakiweka kibuyu chini, lakini hakukiondoa chumbani, na sijui walifanya nini nilipotoka.

Nilipita pale kila siku kwa visingizio, mara kuazima chumvi, mara kuuliza habari ya shamba, nikitega sikio kama vinu vyao vinatwanga. Vilikuwa vinatwanga. Mtoto akafika siku ya kupewa jina, akapita, akafika arobaini.

Mama hakuniuliza habari zake. Nilimwambia mwenyewe, nikiwa nachuma kisamvu, kwa sauti ya kawaida, kwamba yule mtoto hajambo na ananyonya. Alikuwa ameketi mlangoni. Akaitikia, "Haya," akageuza uso upande wa bondeni, na sikuona anavyotazama.